Chupa Ndogo Katika Koti la Kocha Len

Nekesa mwanangu,

Nguo zako zote zimekauka isipokuwa ile jezi nyeupe, nimeianika karibu na AC. Ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Nimetoka kanisani, maana huku ibada yetu ni Ijumaa, nimekula wali uliobaki jana, wenzangu wa chumbani wamelala, na mimi nimekaa kitandani na daftari mapajani. Kesho saa hii utakuwa angani ukielekea Uturuki, kwa ile klabu inayotaka kukuchukua. Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala kuamka mapema. Hayo nimekuambia mpaka umechoka, na una akili zako.

Nakuandikia kwa sababu ya kitu nilichokikuta Jumatano. Niliigeuza suruali yako nyeusi ya mazoezi kabla ya kuifua, maana ndivyo nilivyozoea, na ndani ya mguu wa kushoto, pale goti linapokaa, palikuwa pamenata plasta ndogo ya mviringo. Chini yake kipamba, na kwenye kipamba tone moja la damu iliyokauka. Mtu mwingine angekitupa bila kukitazama mara mbili. Mimi nimefua nguo za watu karibu miaka arobaini, na za wachezaji ndizo nilizoanza nazo. Najua sindano inavyoacha alama.

Aliyenijia kichwani mara moja ni yule ajenti wako wa mpira. Siku ya kwanza tu, pale kwenye mkahawa wa mall, aliniita mamangu, na mimi nikahamisha mkoba nikauweka bega la pili. Nikasema ndiye huyu, anamchoma mtoto wangu sindano ili apite vipimo, achukue chake, amwache huko na goti bovu. Nilishika simu nimpigie nimtukane. Kisha nikaiweka chini.

Unajua nilivyo. Ulipofika Doha miaka miwili iliyopita, kabla hujatia kitu mdomoni nilitaka kandarasi yako ya ulinzi niisome mstari kwa mstari. Nilimuuliza msimamizi wa kambi yenu pale Al Rayyan maswali mpaka akauliza kama mimi ni polisi. Yule kijana wa Mombasa aliyekuwa akikuletea juisi uwanjani, nilimtazama viatu kwanza, halafu uso. Wewe ukacheka ukasema, "Mathe, hata malaika akikuletea ujumbe utamwomba kitambulisho." Ni kweli, ningemwomba. Lakini hujawahi kuniuliza nilianza lini kuwa hivi. Nilianza kwa kumshuku mtu, nikaenda nikasema, na nilikuwa nimekosea. Nikimaliza kukueleza utajua kwa nini simu niliiweka chini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyanya yako alikuwa akifua jezi za timu ya kiwanda cha magunia kule kwetu Kitale, na alipougua kifua mimi nikashika nafasi yake. Nilifua kwa mkono, kwenye karai, nyuma ya stoo ya kiwanda, jezi na kaptura na soksi zenye matope mazito ya kule. Mwaka huo kiwanda kikaleta kocha kutoka Uingereza. Jina lake Len. Alikuwa anakaribia sitini, mfupi, shingo nene, uso mwekundu kama mtu aliyetoka kugombana sasa hivi, na mguu wa kulia akiuburuta kidogo. Salamu zake zilikuwa za kuguna. Alikuwa akihesabu soksi. Ukimpelekea pungufu hakusema neno, alisimama tu akikutazama mpaka uitafute uipate.

Nguo zake mwenyewe pia nilifua mimi. Nilizipeleka nyumbani kwake kila Ijumaa, na wakati akizikagua tulikuwa tukiongea, maana alitaka kujua Kiswahili na hakuwa na mtu mwingine wa kumfundisha. Kwa hiyo Kiswahili chake chote alikiokota kwangu. Alikuwa akiongea kama msichana wa Kitale mwenye mafua.

Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha yake, kidogo kidogo, Ijumaa baada ya Ijumaa. Kwao ulikuwa mji wa makaa ya mawe, kaskazini mwa Uingereza. Babake alikuwa akishuka mgodini. Len alipotimiza miaka kumi na minne hakutaka mgodi, akaomba kazi kwenye klabu ya mji: kufagia majukwaa na kung'arisha viatu vya wachezaji. Ile vita kubwa ilikuwa ingali inapiganwa. Ilipokaribia kwisha, naye akaitwa jeshini. Hakufyatua risasi hata moja, aliniambia. Alimenya viazi na kucheza mpira. Aliporudi, klabu ikampa jezi.

Akifika hapo uso wake ulikuwa ukilegea. Alisema watu walikuwa wametoka kwenye shida, nyumba zimebomoka, hata sukari ilikuwa ya kupangiwa, na Jumamosi wote walikuwa wakimiminika uwanjani, wamesimama bega kwa bega kwenye mvua. Mpira ulikuwa wa ngozi, na ukilowa ulikunywa maji mpaka kuupiga kichwa ilikuwa kama kugongwa na gunia la mahindi mabichi. Yeye alikuwa kiungo. Alienda uwanjani kwa basi lile lile walilopanda mashabiki, na timu ikifungwa alirudi nyumbani kwa miguu ili asionane nao. Hakuwa na nyumba kubwa wala gari. Alikuwa mchezaji mwenye jina, na bado alilala chumba kimoja na kaka yake.

Alicheza miaka minane tu. Nilipomuuliza kwa nini aliacha, aligonga goti lake la kulia kwa kidole na kusema soksi moja haikuwepo. Sikuelewa, na yeye hakufafanua.

Baada ya hapo alibeba ndoo na sponji pembeni mwa uwanja, akiwakimbilia walioanguka. Kisha akafundisha vijana, kisha timu ndogo tatu, moja baada ya nyingine, na zote zikamfukuza. Mkewe akachoka kuhamahama. Ndipo akaanza kwenda nchi za mbali. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefundisha hapa Ghuba, na ndiye mtu wa kwanza maishani mwangu kunitajia Doha. Alisema uwanja ulikuwa mchanga mtupu, unamwagiwa maji jua likipungua, na wachezaji walikuwa wakija kwa pikapu baada ya sala ya magharibi. Nilipofika hapa mwenyewe, basi la kampuni likitupeleka Lusail hotelini kila alfajiri, nilikuwa nikichungulia dirishani nikitafuta uwanja wa mchanga. Ujinga tu. Pengine palipokuwa pale sasa pana stesheni ya metro.

Timu ilikuwa pia na katibu, na katibu alikuwa mtu wa watu. Sitaandika jina lake, ana wajukuu. Alikuwa akisimamisha gari ili kunisalimu, anauliza kifua cha mama, na siku za mvua alinifikisha mpaka mlangoni. Alinijua jina kabla kocha hajalijua.

Halafu kulikuwa na Simiyu, mshambuliaji. Ndiyo, baba yako, ingawa wakati huo hata hakujua kama nipo. Nekesa, wewe unamjua yule mzee anayeketi kwenye kigoda akishona viatu vya watu, anayenyanyuka kwa kushika ukuta. Hukumwona akikimbia. Mpira ulikuwa ukimfuata miguuni kama kitu kinachomjua. Timu ilikuwa imeingia nusu fainali ya kombe, na watu walisema akicheza vizuri siku hiyo atachukuliwa Nairobi, na kutoka Nairobi nani ajuaye.

Lakini goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba. Mimi nililijua kabla ya daktari, kwa sababu ndani ya suruali yake ya mazoezi nilianza kukuta plasta na vipamba, wiki hii, wiki ijayo, tena. Mechi ikiwa imekaribia, Kocha Len akatangaza kwamba Simiyu hatacheza. Hakutoa sababu. Mji mzima ulimkasirikia.

Jumatatu iliyofuata nikalichukua koti la kocha kulifua, nikapekua mifuko. Nikakuta chupa ya kioo, ndogo kama kidole, ya dawa ya sindano, tupu, na kizibo chake cha mpira kimetobolewa.

Nikajumlisha mambo kichwani. Mzungu asiyesalimia watu. Plasta za Simiyu. Chupa mfukoni. Nikasema anamchoma kwa siri, anamharibu, kisha anamweka benchi ili timu ishindwe. Labda kuna watu wamemtuma. Yote yalinikaa sawasawa, kama nguo iliyopigwa pasi. Nikatoka mbio na ile chupa nikampelekea mtu niliyemwamini kuliko wote pale. Nikampelekea Katibu.

Aliishika kwenye mwanga, akaifunga kwa leso. Akaniambia, "Rosa, umefanya jambo la maana sana. Usimwambie mtu mwingine."

Sikumwambia mtu mwingine, lakini kufikia Alhamisi hakuna aliyekuwa hajui. Kwamba kocha anawachoma vijana dawa. Kwamba ndiyo sababu alifukuzwa kwao. Wachezaji wakakataa mazoezi, wakakaa chini katikati ya uwanja. Uongozi wa kiwanda ukamwambia Len ahame nyumba kabla ya Jumapili.

Ijumaa nikampelekea mashati yake manne kama kawaida. Sijui kwa nini nilienda. Nadhani nilitaka kuona uso wa mtu mwovu aliyekamatwa. Nilimkuta akipanga sanduku. Aliyapokea mashati, akayahesabu, kisha akaniuliza:

"Kwenye koti langu kulikuwa na chupa. Iko wapi?"

"Nilimpa Katibu," nikasema.

Akaketi juu ya sanduku.  Ndipo akanieleza, polepole, kwa kile Kiswahili nilichomfundisha mimi. Chupa ile aliiokota Jumamosi chini ya benchi katika chumba cha kubadilishia nguo. Alijua Katibu ana mtu anayekuja kuchoma sindano, alikuwa akimshuku kwa muda, na sasa alikuwa amepata cha kumwonyesha meneja wa kiwanda. Alikuwa aende nayo kwake Jumanne. Kisha akapandisha suruali mguu wa kulia akanionyesha goti. Lilikuwa na makovu mawili marefu, na katikati nyama imezama, ndipo nikaielewa ile soksi isiyokuwepo. Alisema kwao klabu ilipofika nusu fainali, daktari wa timu alimchoma sindano hapo ili acheze, na akacheza, hakusikia maumivu yoyote, na kwa sababu hakusikia aliendelea kukimbia juu ya goti lililokwisha kukatika ndani. Baadaye klabu ikamtumia barua ya mistari miwili kumuaga. Tangu siku hiyo, timu zote alizofundisha, hakumruhusu mchezaji hata mmoja aingie uwanjani akiwa amechomwa. Na timu tatu zilimfukuza, mbili kati ya hizo kwa sababu hiyo hiyo.

Nikasema sikujua.

"Miaka miwili unafua nguo zangu," akasema. "Kila Ijumaa tunaongea. Hukuniuliza."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi. Katibu hukumwogopa."

Hakunisamehe, Nekesa, usidhani naelekea huko. Alinifungulia mlango nikatoka, akaufunga. Sikumwona tena. Miaka mingi baadaye kipa wetu wa zamani alienda Uingereza kwa mwanawe, akaulizia. Akaambiwa Len alirudi mji wake wa makaa, akafundisha watoto wa shule mpaka miguu ilipomkataa kabisa. Mtoto akisema anaumwa alimtoa uwanjani papo hapo, hata akijua anadanganya. Alikuwa ameshakufa.

Hata nilipotoka kwake siku ile sikumwamini moja kwa moja. Nilisema mtu mwenye hatia lazima ajitetee. Lakini Jumamosi, siku ya nusu fainali, Len hayupo, na Simiyu akacheza. Alifunga bao moja kipindi cha kwanza, na uwanja ulitikisika. Dakika ya sabini alikuwa peke yake na mpira, hakuna aliyemgusa, akageuka, akaanguka. Mimi nilikuwa karibu na mstari, na nilisikia goti likikatika. Usiku wa kuamkia Jumatatu sikulala, na asubuhi nilipoichukua suruali yake kuifua niliigeuza. Plasta ilikuwa mpya, na tone la damu lilikuwa bado halijawa jeusi. Kocha alikuwa ameshaondoka. Basi nani alikuwa amemchoma?

Nilianza kumpelekea uji hospitalini kwa sababu ya aibu. Baadaye nikawa nampelekea kwa sababu nilitaka kumwona. Hayo mengine unayajua: harusi, ndugu zako, wewe kitinda mimba, mimi kuja huku Ghuba wakati kazi ya viatu ilipokuwa haitoshi. Ila miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia baba yako kwamba ile chupa ni mimi niliyeipeleka. Kila alipokuwa akinyanyuka kwa kushika ukuta, nilikuwa naangalia pembeni.

Na ndiyo maana nikawa hivi. Nilijiambia sitamwamini tena mtu anayenichekea. Anayeniita mamangu, anayenibebea mfuko, anayeuliza kifua cha mama. Nimeishi na sheria hiyo, na imenisaidia. Hapa Doha imeniokoa mara mbili tatu kutoka kwa watu wenye visa za uongo na maneno matamu. Nilidhani hilo ndilo funzo na nimeshalimaliza.

Jana nikampigia baba yako. Nilikuwa na plasta yako kwenye bahasha, na nilikuwa siwezi tena kuibeba peke yangu. Nikamwambia yote. Plasta yako, chupa, Katibu, leso, Kocha Len kwenye sanduku lake. Nikamwambia kwamba kama si mimi, Len angemzuia kucheza siku ile, na leo angekuwa na miguu miwili mizima.

Akasema, "Rosa, mimi ndiye niliyeomba sindano."

Nikamwambia sielewi.

Akasema Katibu hakumlazimisha. Yeye ndiye aliyemwendea akamwambia goti linauma na anataka kucheza, amtafutie mtu. Katibu alifurahi kumtafutia, hilo ni dhambi yake. Lakini aliyeenda kugonga mlango ni Simiyu. Len alimfumania siku moja akilikanda goti chooni, akaona plasta, akajua, akamzaba kofi na kumwondoa kwenye kikosi. Nikamuuliza, basi mbona walipomfukuza mzee wa watu hukusema neno, na wewe ulikuwa umekaa pale katikati ya uwanja pamoja na wenzako?

"Ningesema, ningecheza?" akaniuliza.

Miaka yote hiyo tumelala kitanda kimoja, kila mmoja akiwa amelalia lake. Sikujua nicheke au nilie. Hatukukata simu. Tulibaki tu hewani, nikimsikia anavyopumua, kuku wakilia huko nyuma yake.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza. Nilimshuku Len, nikakosea. Nikaja kumshuku Katibu, nikapatia, lakini nusu. Katika watu wote niliowakagua, yule aliyekuwa akitaka kucheza kuliko kitu chochote duniani sikumwangalia hata kidogo, kwa sababu nilimwonea huruma. Na Jumatano nimefanya vile vile. Nimeshika plasta ya mwanangu, nikamkimbilia ajenti.

Naacha hapa kidogo. Unagonga mlango.

Umeshaondoka. Naandika yaliyotokea, ingawa wewe ulikuwepo, kwa sababu nimeogopa kuyakumbuka baadaye tofauti na yalivyokuwa.

Ulipoketi kitandani niliiweka bahasha mbele yako, nikatoa plasta. Nikakuuliza hii ni nini.

"Ni plasta, Mathe."

"Naona ni plasta. Nakuuliza wewe."

Ulitazama mlango, kama umefikiria kutoka. Kisha ukasema ajenti hajui chochote, nisimpigie, nimwache. Ulimtafuta mwenyewe mtu anayechoma watu sindano chumbani kwake huko Industrial Area. Mara mbili: siku ya kupiga ile video ya kutuma klabu, na Jumatatu hii, ili vipimo vya huko vikukute ukitembea vizuri. Goti lilianza Ramadhani, kwenye zile ligi za usiku. Nilikuwepo siku ile ulipoliumiza, Nekesa. Nilikuwa nimekaa pale pembeni na chupa ya maji, nikimchunguza kijana wa Mombasa.

Nikakwambia uwaambie klabu. Ukaanza kulia, na wewe si mtu wa kulia. Ulisema kazi umeshaacha, ID ya hapa imefutwa, ukibaki utakuwa huna karatasi. Ulisema una miaka ishirini na mitatu na hakuna mwingine atakayekuita. "Nikiwaambia wataniacha. Nikinyamaza napata hata msimu mmoja."

Nikasema, "Baba yako alipata dakika sabini."

Hilo sikulipanga. Lilitoka. Uso wako ulivyobadilika niliona nimekupiga mahali ambapo hata Len hakunipiga mimi. Nikakueleza hadithi kwa haraka, ovyo ovyo, si kama nilivyoiandika hapa, na wewe ulikuwa umeshasimama. Uliniuliza kama baba anajua kuhusu goti lako. Nikasema anajua. Ulichukua begi ukatoka bila kuniaga, na ile jezi nyeupe umeisahau. Nilisimama dirishani nikakuona ukishuka mpaka kituo cha basi, na kwa mara ya kwanza niliuona mguu ukichechemea. Unauficha vizuri, lakini kwenye ngazi ya basi ulitanguliza wa kulia.

Sikukufuata. Nilitaka sana kumpigia mtu. Kocha wako wa hapa, dada yako, ajenti, mtu yeyote. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Sasa jua ndiyo linazama, na ujumbe wako wa sauti umefika. Nimeusikiliza mara tatu. Unasema umewaandikia klabu kuhusu goti na sindano zote mbili, na daktari wao, mwanamke, amekujibu mwenyewe. Kwamba upande ndege tu, atalipiga goti picha kabla hujasaini chochote, na likihitaji kupumzishwa mtaongea. Umenitumia na sauti yake pia. Ni mpole sana. Nimeshaanza kumshuku. Na hilo neno "mtaongea" silipendi. Muulize ana maana gani, na akikujibu muulize tena.

Ajenti amenipigia akifoka kwamba tumemharibia. Hakuniita mamangu safari hii, na nilimsikiliza kwa adabu zaidi kuliko siku zote. Nilimwomba radhi kwa kumdhania la sindano. Alishangaa, hakujua nazungumzia nini. Lakini kwamba mpaka leo hajakupa nakala ya kandarasi, hilo sijalimeza, na nimemwambia.

Inawezekana wiki moja tu wakakurudisha. Hutaweza kurudi Doha. Utaenda Kitale, na baba yako nimeongea naye. Atakupokea. Nilimwomba asikuulize kwa nini, akasema atakuuliza, kwa sababu yeye hakuulizwa na mtu yeyote isipokuwa Len, na kwa kofi. Inawezekana pia goti likapona na ukacheza miaka mingi, na mimi nikawa mama anayesumbua daktari wa watu bure. Sijui. Unaenda kwa watu nisiowajua, na sina suruali zao za kugeuza.

Kesho nitakuwa uwanja wa ndege kabla yako, na jezi yako nitakuwa nayo, pamoja na barua hii. Usiisome pale mbele yangu. Isome ukiwa juu angani.

Na kila Ijumaa nitakupigia. Nitakuuliza goti. Usinijibu fiti, wala poa, wala Mathe usijali. Niambie limevimba au halijavimba.

Mama yako,
Rosa